Masale Niliyoyang'oa

Kosa langu la kwanza nilipohamia kwa bibi lilikuwa kung'oa masale, ile mimea ya majani marefu, bila kumuuliza mtu.

Nilipanda mlimani kutoka mtaa wa Soweto, kule mjini, nikiwa na picha kamili kichwani: migomba, ng'ombe wa bibi, maziwa ya asubuhi, na shule ya mabanzi iliyojengwa na wazazi wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu wa kufanya kazi. Mjini nilikuwa nimeshindwa karibu kila kitu kwa kutaka kiwe safi kabisa kabla sijakionyesha. Ualimu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na video za simu. Nilidhani huku juu, penye maisha mepesi, hata mimi ningetosha.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha watoto wadogo, wale wasioweza kuvuka korongo wakati wa masika kwenda shule ya serikali. Kiwanja kilikuwa kipande cha kihamba cha babu mmoja jirani, shamba la ukoo wake. Alikitoa kwa mdomo, mbele ya wazazi, na neno lake lilitosha.

Mbele ya darasa yaliota masale, yamezunguka kama duara lililopinda. Nayajua masale. Hata mjini watu huyapanda mpakani. Nikajiambia huu ni mpaka wa zamani uliosahaulika. Uliwazuia watoto kupanga mstari, na mstari uliopinda huniuma kama jino. Jumamosi moja, kabla watu wa msaragambo hawajafika, nikayang'oa yote, nikasawazisha udongo, nikavuta kamba.

Mama mmoja alifika na ndoo ya mchanga, akaiona kamba.

"Mwalimu, ukimaliza hapo uje uninyooshee migomba. Na mume wangu pia, amepinda."

Wenzake wakacheka. Kisha akaliona rundo la masale, akatua ndoo.

"Ulimuuliza babu?"

"Ni mpaka wa zamani tu, mama."

"Mpaka gani unaozunguka? Hapo amelala mama yake."

Babu alikuja kabla ya mchana. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliokota isale moja, akaitazama mizizi yake, akaondoka nalo. Jumatatu tulikuta mlango wa darasa umezibwa kwa magogo ya migomba, na wazazi wakaambiwa watafute mahali pengine.

Ni bibi aliyenieleza cha kufanya. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na akiletewa hapaswi kulikataa. Alilichuma nyuma ya nyumba, akalifunga kifundo.

"Ongea kidogo," akasema. "Wewe ukianza kujieleza humalizi."

Njia nzima nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilipofika kwa babu yote yalinipotea. Nikapiga magoti, nikalishika isale kwa mikono miwili.

"Babu, nimekosa."

Nyuma yake ng'ombe alikuwa anatafuna majani. Mwishowe akalipokea.

"Nimekusamehe, mjukuu."

"Asante, babu. Na watoto warudi darasani?"

"Umeniletea isale la kosa lako, nimelipokea. Kiwanja ni jambo lingine." Hakupandisha sauti. "Wale watoto walikuwa wanacheza pembeni ya mama. Sikuona ubaya, alipenda watoto. Sasa umepasawazisha mno. Nimeenda pale kuyapanda upya, sijui alianzia wapi wala aliishia wapi. Watakimbia juu yake, na mimi sitajua niwafukuze wapi."

Ningeweza kubomoa chochote nilichojenga, lakini mpindo ule wa masale sikuukumbuka. Niliutazama siku zote nikiwaza tu jinsi ya kuuondoa.

Wazazi waling'oa mabanzi. Hakuna aliyenitukana. Nilitamani wanitukane. Mama yule wa ndoo aliniambia, "Pumzika, mwalimu, umefanya kazi ya kutosha," na mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Darasa sasa liko kwenye stoo ya kanisa, ng'ambo ya korongo, kwa hiyo masika yakianza wadogo wanabaki nyumbani. Miezi hiyo nawafuata mmoja mmoja na ubao mdogo, nawafundisha jikoni mama zao wakipika. Wanasahau mengi kati ya siku moja na nyingine. Babu huitikia shikamoo yangu. Kabla ya kusogeza hata kigoda, nauliza.