Gurudumu la Nyuma na Mama Mkwe

Haya nayasema kwa sababu Bhoke, mke wangu, ameshawasimulia nusu ya ukoo na kila mara anaongeza chumvi, basi bora mnisikie mwenyewe, ingawa hata sasa nikikumbuka masikio yanawaka: nilimfokea mama mkwe wangu hadharani, pale Matongo, kando ya barabara, watu wamejaa kama mnadani, na mimi nimelala chali chini ya gari.

Ilianza kwa jambo dogo. Gari langu (saluni kuukuu, lina breki za diski hadi nyuma, nilikuwa najivunia hilo mno) lilikaa uani kwetu Nyamisangura msimu mzima wa mvua, na kwa kuwa uwanja una mteremko nilikuwa nimevuta handibreki mpaka mwisho. Asubuhi hiyo ikaja simu kutoka Mugumu kwamba Ghati, mdogo wake Bhoke, ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, na madaktari wanazungumzia upasuaji. Mama yao alikuwa kwetu. Nikaachia handibreki, nikawasha, gari likagoma kusogea. Nikakanyaga mafuta, likaruka mbele na kishindo huko nyuma kama mtu amevunja kuni.

"Limepona?" Bhoke akauliza.

Nikasema limepona. Sikuwa najua, ila niliona aibu kusema hivyo mbele ya mama mkwe, maana pedi za breki nilizibadilisha kwa mikono yangu na nilijisifu mtaa mzima.

Sasa kwa asiyejua mila zetu Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa mbali, hata mikono hawashikani. Yeye alikaa nyuma, Bhoke mbele, na akiwa na neno anamwambia Bhoke, Bhoke ananiambia mimi, ingawa sote tunasikia. Njia nzima neno lilikuwa moja: "Muulize kama hawezi kuongeza mwendo." Nami siwezi, gari zito kama linakokota ng'ombe aliyegoma, nikiinua mguu kwenye mafuta linataka kusimama lenyewe, hata kwenye mteremko. Halafu ikaja harufu ya kuungua. Nikasema ni malori ya mgodini. (Hapakuwa na lori hata moja.) Bhoke akanitazama, mimi nikatazama barabara.

Simu ikalia tena, Ghati anaingizwa chumba cha upasuaji. Mama akaanza kuomba kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, na mimi jasho likaanza kuniingia machoni.

Tulipofika Matongo gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa moshi na watu wanatupungia tusimame. Dereva mmoja wa bodaboda akasema gari linaungua, na neno hilo lilitosha: wakafungua milango, wakamtoa mama, wakashusha mizigo, na mwanamke mmoja muuza ndizi, mwenye huruma zake, akanyakua dumu kwenye buti akidhani ni maji, akalimwaga lote kwenye gurudumu. Yalikuwa maziwa ya mgando ya Ghati, mama aliyagandisha mwenyewe. Mvuke ukapanda, harufu ya maziwa yaliyoungua ikatanda hadi kwenye vibanda vya ng'ambo, mbwa wakaja.

Mtu mwenye akili angempandisha mama bodaboda hapo hapo. Mimi nikasema ni dakika chache tu. Nikaweka mawe, nikapiga jeki, nikavua tairi, nikafunga kitambaa mkononi na kujaribu kuizungusha diski: haizunguki. Nikalegeza waya wa handibreki, haizunguki. Nikafungua kidogo nati ya kutolea upepo, nikiwaza labda mpira wa mafuta ya breki umeziba ndani na unashikilia presha. Mafuta yakatoka, bado haizunguki. Basi ni kaliper yenyewe, kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski, imegandia, ama pistoni yake ama zile pini zinazoifanya iteleze. Nikaingia chini ya gari kuifikia pini ya chini, na kila mtu ana ushauri, gonga na nyundo, mwagia soda, mmoja anasema huyu si fundi, mwingine anasema ni fundi ila amelewa.

Katikati ya makelele hayo nikaona miguu ya mwanamke karibu na kichwa changu. Sauti ikauliza, "Unajua kinachosumbua?"

Nilidhani ni yule wa ndizi. Nikaendelea na spana.

"Unajua, au hujui?"

Spana ikateleza wakati huo huo, nikajichuna vidole, nikafoka: "We mama, kaa kimya, nenda kauze ndizi zako."

Kisha nikamsikia Bhoke akisema polepole, "Baba Nyangi, huyo ni mama."

Nawaambia ukweli, nilifikiria kubaki chini ya lile gari mpaka jua lizame. Mama ambaye tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitamkia neno moja kwa moja, amevunja mwiko kwa sababu mtoto wake yuko kwenye kisu, na mimi namtuma kuuza ndizi. Nilipojikokota kutoka, uso wote grisi, alishapanda bodaboda, wamekaa mshikaki yeye na Bhoke nyuma ya dereva. Hakugeuka.

Nikarudi kwenye kaliper, nifanyeje. Pini ya juu ilisogea kwa kidole, ya chini imeshika kutu kama msumari kwenye mti. Nikaigonga ikatoka, nikaisugua kwa msasa wa kuazima kwa fundi pikipiki, nikaipaka grisi, nikatoa upepo, nikaongeza mafuta ya breki, diski ikazunguka. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Nilifika Mugumu jioni, mwendo wa kobe. Ghati salama, mtoto wa kiume salama, bibi yake amempakata. Nilisimama mlangoni. Mama akatazama ukutani, akamwambia Bhoke, "Mwambie mumeo asogee amwone mtoto." Nikasogea hatua moja, nikashindwa kuendelea.

Baadaye nilimtuma mjomba akaniombee msamaha, na mama aliupokea, ila baba mkwe kila tukikutana ananiuliza ndizi zinauzwaje.

Siku hizi gari likilala muda mrefu sivuti handibreki. Naliweka kwenye gia na jiwe. Na mtu akiniuliza kama limepona kabla sijalifungua nikaliona kwa macho, namjibu sijui. Neno dogo hivyo, na ningelitamka asubuhi ile, Bhoke angekodi teksi tu, na mama angefika kabla Ghati hajaingizwa chumba cha upasuaji.