Shamba la Mwisho Kabla ya Korongo

Ungewasikia kabla ya kuwaona. Alfajiri, baridi ya kijiji chetu cha Mlali ikiwa bado imelalia mabua na pumzi ya mtu inatoka mdomoni kama moshi, sauti ilianzia upande wa kilima: kitu kinamwagika, kama mtu amepasua gunia la mchele juu ya bati. Halafu anga likageuka rangi, na wingu la kweleakwelea likapinda, likashuka, likatua juu ya uwele wa watu. Ndege mmoja wa aina hiyo ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto. Wakija pamoja, shamba linaweza kuliwa kati ya kunywa uji na kuosha kikombe. Nilikuwa darasa la nne mwaka ule, na kwa wiki nzima nzima hatukwenda shule. Walimu hawakuuliza. Wao pia walikuwa na mashamba.

Kazi ya kulinda mashamba dhidi ya ndege tunaiita kuamia. Kila familia ilijenga dungu lake, jukwaa la miti lililoinuliwa juu kuliko mabua, na watoto wakapanda humo kabla ya jua na debe la kugonga, kombeo la katani na rundo la mawe ya udongo uliokauka. Mashamba yalipangana kama ngazi kutoka kilimani hadi kwenye korongo, na ndege walishuka kwa mpangilio huohuo. Uliwapigia kelele, wakahama kwako, wakatua kwa jirani wa chini yako. Hilo halikuhesabiwa kuwa ubaya. Lilikuwa na utani wake, na asubuhi za msimu ule zilijaa matusi ya kirafiki yanayoruka kutoka dungu hadi dungu.

"Mama Debora! Wageni wako hao, tandika mkeka!"

"Nimewaona, baba! Umewanyima hata maji ya kunawa?"

"Walishe vizuri basi, wasinirudie na njaa!"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ila shamba letu lilikuwa la mwisho kabla ya korongo, na chini yetu hapakuwa na jirani wa kutumiwa wageni. Wote waliofukuzwa juu waliishia kwetu. Tena udongo wetu ulikuwa mweusi, mzito, wa kushika maji, kwa hiyo uwele wetu ulichelewa kukomaa. Mama alikuwa amelipata shamba hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Baba alikuwa amehamia kwa mke mwingine huko Gairo, akatuachia nyumba ya tembe na jembe lenye mpini mpya. Uwele ule ndio ulikuwa ugali wetu wa mwaka mzima. Hatukuwa na kitu kingine cha kutegemea, na hata mimi, pamoja na utoto wangu, nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Kaka yangu Elia alikuwa nyumbani msimu ule kwa sababu alikuwa amefeli kidato cha nne. Alirudi na sanduku la bati na kimya ambacho hatukukizoea. Alikula ameinamia sahani. Wageni wakija alitorokea mlango wa nyuma. Kanisani alikaa benchi la mwisho, akatoka kabla ya baraka ili asisalimiane na watu. Mama alikuwa na namna ya kumtazama mgongoni akipita, halafu anarudi kwenye mlenda wake anaukoroga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nilimsikia akimwomba Mungu, si amrudishe shuleni, bali amwinulie uso tu.

Sijui ni nini kilimfungua. Watu wanapenda kusema kijana huamshwa na maneno ya mtu mzima fulani, lakini mimi nilikuwepo na sikumwona mtu huyo. Nilichoona ni Elia amekaa juu ya dungu letu asubuhi kadhaa bila kupiga hata debe, anafuata ndege kwa macho. Kisha alishuka, akaenda kwa jirani wa kwanza, baba yake Debora, akamwamkia shikamoo, akaanza kueleza. Tukimfukuza ndege hatua moja, alisema, anakula kwa jirani na jioni anarudi kwako. Tusimame mstari mmoja kutoka juu, watoto na vijana wa mashamba yote, tushuke nao pamoja bila kuwapa pa kutua, tuwavushe korongo. Ng'ambo ni miiba na nyasi tu. Wakivushwa asubuhi na jioni, watatafuta kwingine.

Baba Debora alitafuna bua taratibu. "Kijana, hesabu za shule zilikushinda. Za ndege ndiyo utaziweza?"

"Za ndege hazina karatasi ya majibu, baba," Elia alisema.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Jirani mwingine aliuliza kama mpango mzima si wa kuokoa shamba la mama yake. Elia alijibu kwamba ndiyo, ni la mama yake, na kwamba mstari ukiishia katikati, ndege watarudi kwa wote. Alizunguka hivyo madungu yote, na kila alipotoka kwenye dungu moja alitembea amenyooka kidogo zaidi.

Na mpango ulifanya kazi. Nasema hivyo nikijua ninavyopenda kupinga kila kitu. Tulisimama kilimani giza likianza kuondoka, kila mtu na debe lake, Elia katikati akiwa ameinua mkono. Alipoushusha tuliteremka kwa kishindo kimoja, wingu likainuka mbele yetu, likajaribu kutua, likashindwa, likainuka tena. Umande ulitulowesha hadi kiunoni, vumbi la maua ya uwele likatuwasha shingoni, na tulipofika korongoni na kuwaona wakivuka, tulipiga vigelegele kama harusini. Utani ulihamia kwenye mstari. Aliyechelewa alitungiwa wimbo. Aliyekimbilia shamba lake mwenyewe aliitwa mbele ya wote, na Elia hakumgombeza. Alimpa nafasi katikati ya mstari, pale ambapo kila mtu anamwona, na huyo hakukimbia tena. Watu walianza kumletea Elia kesi zisizohusu ndege: mbuzi walioingia kwenye bustani, vijana waliopigana kilabuni. Alikuwa anakula ameinua kichwa. Mama aliacha kuukoroga mlenda kwa hasira.

Sikuwahi kujiuliza wakati huo ndege tuliowavusha walikwenda kula kwa nani. Siku hizi najiuliza.

Kisha mashamba ya juu yakakomaa. Walivuna, wakapukuchua, wakajaza vihenge. Mtu aliyevuna hana sababu ya kuamka na debe alfajiri, ingawa hakuna aliyesema hivyo. Walisema mgongo unauma, mtoto ana homa, kesho bila shaka. Mstari ukapungua, kila wiki ukaanzia chini zaidi, na kadiri mashamba ya juu yalivyobaki mabua matupu, ndege wote walikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Elia alipita nyumba kwa nyumba. Nilifuatana naye mara nyingi, na sijasahau jinsi tulivyopokelewa vizuri. Kila mahali tulipewa kiti. Kila mahali walimsifu. "Kijana wetu wewe, umetuokoa," walisema, "wewe ni kiongozi wa kesho." Asubuhi yake tulikuwa sisi watatu, madebe mawili na kombeo.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba kijiji kitampongeza Elia, na kumtawaza msimamizi wa vijana. Siku iliyopangwa ilikuwa katikati ya wiki, asubuhi, kwa sababu afisa kutoka wilayani angepitia na alikuwa na safari nyingine mchana. Elia alitaka kukataa. Uwele wetu ulikuwa umebakiza siku chache tu kukauka kwa kuvunwa, na asubuhi ndiyo saa ya ndege. Alisema hayo jikoni, amesimama mlangoni.

"Utakwenda," Mama alisema.

"Mama, na shamba?"

"Shamba nitakaa nalo mimi na mdogo wako. Watu wamekuita mbele, usiwaaibishe. Vaa lile shati la shuleni."

Alimpigia pasi shati hilo kwa mkaa, akalinusa kwapani, akalipiga pasi tena. Nadhani alijua anachokifanya. Nadhani aliweka vitu viwili mbele yake, chakula cha mwaka na uso wa mwanawe, akachagua. Lakini hiyo ni nadharia yangu ya ukubwani. Yeye hajawahi kuniambia.

Watoto wote wa kijiji walikwenda kwenye sherehe pale shuleni, kwa sababu kulikuwa na soda. Mimi na Mama tulipanda dungu. Wingu lilikuja jua lilipopanda kidogo, na halikuwa kama tulivyolizoea. Lilikuwa refu, mwisho wake hatukuuona. Tulipiga madebe. Mama alirusha mawe hadi bega likamlegea. Upande mmoja ulipoinuka, mwingine ulitua, na mabua yalianza kulala kwa uzito wao. Nilishuka nikakimbia katikati nikipiga kelele, ndege wakinipita usoni kama majani makavu kwenye kimbunga, na nilipogeuka nilimwona Mama ameketi juu ya dungu, mikono mapajani, anatazama. Hakulia. Aliniambia nipande nipumzike.

Yaliyotokea shuleni niliyapata kwa watu, kwa kuwa yalisimuliwa miezi mingi. Mwenyekiti alisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," umati ukaitikia. Afisa alichelewa, wakamngoja. Elia alivishwa mgolole mweusi begani, akapewa nafasi ya kusema, na yule aliyekuwa akitorokea mlango wa nyuma alizungumza kwa muda mrefu bila kukwama, juu ya umoja, juu ya mstari mmoja, juu ya kufika hadi mwisho. Wazee walifuta machozi. Makofi yalipigwa hadi afisa naye akasimama. Elia alipofika shambani, mgolole bado uko begani, ndege walikuwa wameshaondoka wenyewe, kwa sababu hapakuwa na kilichobaki. Suke lililobakia ukilishika lilikuwa jepesi kama ufagio uliochakaa. Mwaka ule Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya juu, akilipwa uwele.

Sasa Elia ndiye mwenyekiti wa kijiji. Ni mzuri kwa kazi hiyo, sina budi kukiri. Hasahau jina la mtu na hapandishi sauti. Mstari wa kuamia haujasimama tena tangu mwaka ule. Wengi wamehamia kwenye alizeti, na wanaolima uwele wanafukuziana ndege kama zamani, kila mtu na dungu lake. Mimi nimesoma chuo hapa Dodoma, nimekaa kwenye kumbi ambamo vijana wanafundishwa kujiamini na kuongoza jamii, mkufunzi anachora mishale ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, kila mshale ukipanda. Sijawahi kuona mshale wenye shamba chini yake. Nikiuliza swali, naambiwa nina mtazamo hasi.

Juzi Elia alikuja huku mjini, Mtumba, kwenye semina ya viongozi. Tulikutana baadaye sokoni Majengo, kwenye mgahawa ulio karibu na wauza nafaka, tukaagiza chai. Watu wawili wa kwetu walimwona, wakaja kumpa mkono na kumwita mheshimiwa, akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Walipoondoka nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Kaka, siku ile ya pongezi, ulijua kama ndege wameshuka?"

Alikoroga chai ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Nilijua. Walipita juu ya shule mwenyekiti akiwa bado anasalimu. Niliwaona walivyopinda."

"Mbona hukuondoka?"

Alinitazama bila hasira, kama mtu aliyekwisha kulipiga hesabu jambo hilo miaka mingi iliyopita na kulifunga.

"Ningeondoka, mdogo wangu, leo nani angenisikiliza?"

Simu yake iliita, akainuka kwenda kupokea nje. Nilibaki na vikombe viwili. Nimefundishwa kutafuta kosa katika hoja za watu. Katika hii nimelitafuta tangu siku hiyo, na kosa lake silioni.