Unga wa Platini

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kemia katika shule ya wasichana karibu na Kisian. Mwenzangu wa fizikia alikuwa ameunda kifaa cha kutoa umeme kwa kukutanisha hidrojeni na oksijeni. Lakini gesi hizo hazikufanya lolote bila kichocheo: chembe za platini ndogo mno, zilizoshikamana na unga wa makaa. Kuzitengeneza kukaniangukia mimi.

Chumvi ya platini tuliyokuwa nayo ilijaa kichupa kimoja tu, masalio ya mwalimu aliyehama. Tukiharibu, basi.

Nilisaga makaa niliyonunua sokoni Otonglo, nikayachanganya na maji, magadi na ile chumvi ya rangi ya chungwa. Nikainjika juu ya stovu, nikawa nadondosha formalini, ile tuliyohifadhia samaki wa somo la biolojia, ili chumvi igeuke kuwa chembe za platini. Moto ukizidi, chembe hugandana, na madonge hayafai kitu. Sikubandua macho kwenye kipimajoto.

"Bado, Madam?" aliuliza mwenzangu nyuma yangu.

"Mwalimu, usiniongeleshe."

Hatimaye makaa yalipotuama, rangi ya chungwa ilikuwa imetoweka, maji yamebaki safi. Platini yote ilikuwa imeshika makaa. Nikachuja, nikatandaza sehemu kubwa kwenye sahani ya kioo ikauke, iliyobaki nikaifungia kwenye chupa pamoja na karatasi yake ya kuchujia, nikaenda darasani.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameinamia sahani na chupa ya spiriti mkononi. Alitaka kuukoroga unga uwe kama rangi ya kupaka.

"Usimimine!"

Alikuwa ameshamimina. Platini kavu huiwasha spiriti inapokutana na hewa: ule unga ukawa mwekundu kama kaa la jikoni, spiriti ikalipuka moto.

"Mach! Mach!" alipiga kelele, "moto" kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza vimemtoka. Moto ulikuwa umeshika mkono wa shati, na chupa bado ameing'ang'ania.

"Weka chupa chini!"

Hakunisikia. Nilimnyang'anya, nikamfunga mkono kwa koti langu lililolowa maji ya sinki, kisha nikamwaga ndoo ya mchanga mezani, juu ya kazi yetu.

Kwenye zahanati nesi alimuuliza kilichomchoma.

"Unga."

"Unga wa ugali?"

Mimi nilicheka. Yeye alikuwa anautazama mkono wake.

Wiki iliyofuata nilikwangua mabaki yaliyokuwa bado mabichi kwenye karatasi ya kuchujia, nikayakoroga kwa maji matupu badala ya spiriti, nikayapaka kwenye kifaa. Nilipofungulia gesi, mshale wa mita ulipanda kidogo, ukasimama hapo.

"Umeme upo, Madam?" aliuliza mwenzangu, amesimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji.

Nilimwambia asogee aangalie mwenyewe. Hakusogea.