Maksai Niliyesema Nimemchora Mwenyewe

Nakiri kabisa kwamba nilidanganya, tena kwa neno moja tu, na kama kuna mtu bado anayo ile video kwenye simu yake (najua wapo, shemeji yangu wa Nyasubi alinitumia akaniuliza kama huyo aliyekaa juu ya ndoo ni mimi), basi aitazame mpaka mwisho ndipo aniambie kama kati ya watu wote waliokuwa Mwakitolyo siku ile mimi ndiye niliyestahili kuitwa mwizi. Aibu ninayo, siikatai. Lakini hasira ni kubwa kuliko aibu, na mpaka leo haijapoa.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kambarage hapa mjini Shinyanga, wananiita Mama Minza. Sare za kwaya, magauni ya sendoff, suruali za kupunguza kiuno, zote ni kazi yangu, na mtu akiniachia kitambaa chake huondoka bila kugeuka nyuma maana anajua atakikuta kizima. Hilo jina ndilo linalonilisha. Sasa hapo mtaani kuna kikundi cha maigizo kinachozunguka vijijini kuelimisha watu, na mkuu wake ni Mwalimu Remi, mtu wa Morogoro, msomi wa sanaa, anayevaa skafu hata jua likiwa utosini. Mwaka huu walitengeneza igizo la baba anayemtoa binti yake shule ili amwozeshe kwa mahari ya ng'ombe, na mavazi yote nikapewa mimi, pamoja na ng'ombe mwenyewe, maksai wa kuvaliwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Maelewano yalikuwa nishone kwa blanketi na kulipaka rangi. Nikashona, nikapaka, nikarudi nyuma hatua tatu kutazama, na ninachoweza kusema ni kwamba yule hakuwa ng'ombe, alikuwa mbwa mgonjwa mwenye pembe. Nami sipendi kuchekwa kazi yangu. Nikaenda kwa jirani yangu anayetengeneza ngoma, nikakuta ameweka ngozi nzima ya ng'ombe yenye manyoya yake, ameilainisha kwa mafuta hadi inakunjika kama shuka, nyeupe yenye madoa meusi, mazuri ajabu. Tukabadilishana, mimi nikamshonea kaunda suti, yeye akanipa ngozi. Siku nne nilikaa nayo nikitumia sindano ya gunia mpaka vidole vikaota sugu, nikaweka bitana ndani wavaaji wasiwashwe, nikaacha mkia, nikatengeneza kichwa kwa fito na sponji, na nilipomaliza nilitamani kumfunga kamba nimpeleke malishoni.

Mwalimu Remi alipomwona alishika kichwa kwa mikono miwili. Akazunguka, akapapasa, kisha akaniuliza, "Mama Minza, haya madoa yote umeyachora kwa mkono?"

Hebu jiwekeni katika nafasi yangu. Miaka yote hiyo nashona watu wanasema "asante" na kuondoka, leo msomi ameshika kichwa kwa ajili ya kazi yangu. Nikasema, "Ndiyo." (Basi. Neno lenyewe ndilo hilo.) Halafu kwa kuwa aliuliza kwa rangi gani, nikasema kwa piko, ile ya kupaka nywele, kwenye ngozi nyeupe. Na kwa kuwa alitaka kujua nimechukua muda gani, nikamtajia na muda. Kikundi kizima kikapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, Mungu anisamehe, ulikuwa wa uongo kama hiyo piko.

Onyesho la kwanza likapangwa Mwakitolyo, kule kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwenye uwanja ulio kando ya soko. Mimi sikuwa na sababu ya kwenda. Fundi akishakabidhi nguo kazi imekwisha, lakini mwenzenu nilitaka kuona maksai wangu akishangiliwa, nikavaa kitenge kipya, nikabeba mkoba wangu wenye mkasi, nyuzi na futi endapo mshono utafumuka, nikapanda gari la kikundi.

Watu walijaa. Wachimbaji wametoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na udongo wao mwilini, akina mama lishe wameacha sufuria, wazee wa vijiji vya jirani wamekuja na fimbo zao. Masanja alikuwa ndani ya maksai mbele, Juma nyuma, na walipoingia uwanjani wakitikisa mkia watu walipiga vigelegele hadi waigizaji wakasahau maneno yao. Hapo Mwalimu Remi akafanya jambo ambalo sijamsamehe. Alisimamisha igizo, akachukua kipaza sauti, akanivuta mbele na kutangaza kwamba huyu mama ndiye fundi, na kwamba madoa yale mnayoyaona, kila moja, ameyachora kwa mkono wake mwenyewe kwa piko. Makofi. Nikapunga mkono. Nilipunga mkono, jamani, kama mbunge.

Ndipo mzee mmoja akatoka katikati ya watu. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Luhende. Alitembea polepole, hakunitazama mimi wala Mwalimu, alikwenda moja kwa moja kwa maksai, akamwekea mkono mgongoni, akaupitisha begani, ubavuni, mpaka pajani. Watu walidhani ni sehemu ya igizo, wakacheka. Juma kule nyuma naye akadhani hivyo hivyo, akalia "mbuuu." Mzee hakucheka.

Akasema, "Huyu ni Jemedari."

Wageni wa huku huenda hawajui, Msukuma hahesabu ng'ombe wake kama mtu anayehesabu viti, anamjua kila mmoja kwa sura, doa lilipoanzia na lilipoishia, kama ninyi mnavyozijua nyuso za watoto wenu. Mzee akasema maksai wake wa kukokota plau, aliyemlea mwenyewe, alipotea tangu kabla ya msimu wa kilimo, na ametafutwa hadi upande wa Geita. Akanigeukia, akanisalimia kwanza, kwa heshima kabisa, kisha akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ngozi hii umeitoa wapi?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema nimeipata kwa fundi wa ngoma, yangekwisha. Lakini kipaza sauti bado kilikuwa karibu, Mwalimu Remi ananitazama, kikundi kizima kinanitazama, makofi bado yananilia masikioni, na mdomo wangu ukatangulia kabla yangu. "Mzee, shikamoo. Hii ilikuwa ngozi nyeupe tu. Madoa nimeyachora mwenyewe."

Mzee akatoa leso mfukoni, akailowesha maji kutoka kwenye chupa ya mama mmoja, akasugua doa la ubavuni. Akasugua sana. Akainua leso juu watu waione, nyeupe vilevile. Kisha akashika paja la nyuma, lilipo bonde dogo lisilo na manyoya ambalo mimi nilidhani ni kasoro ya ngozi na kulificha karibu na mshono. "Hapa fisi alimng'ata akiwa ndama. Na hili kovu ulilichora kwa nini?"

Na nyinyi mnajua kwetu huku, mtu mwenye ngozi ya ng'ombe aliyepotea, anayesema ameipaka rangi, huyo haulizwi mara mbili. Mnong'ono ulianza nyuma ukaja mbele, "amebadilisha rangi kuficha," na wa kwanza kulisema neno mwizi kwa sauti ni jamaa mmoja mrefu mwenye kofia ngumu ya wachimbaji, aliyeruka kamba iliyozungushiwa uwanja akaninyang'anya mkoba, akaumwaga chini, mkasi huko, nyuzi huko, akisema niitiwe sungusungu, wale walinzi wa kijiji, nifungwe kamba kabla sijakimbia. Nikimbie wapi na kitenge cha kubana? Mimi, ambaye watu wananiachia vitenge vya wax na kwenda zao, leo naitwa mwizi wa ng'ombe mchana kweupe! Nikamtazama Mwalimu Remi anitetee. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili, akawaambia wazee kwamba yeye ni wa upande wa sanaa tu, mavazi ni idara ya Mama Minza. Idara! Sijawahi kuwa na idara, nina cherehani moja na kigoda. Na simu zimeinuliwa juu zinarekodi, hakuna hata mkono mmoja wa kuokota nyuzi zangu.

Nililia, siwafichi. Nikasema ukweli wote huku nalia, kwamba nilidanganya kuhusu piko kwa sababu nilitaka sifa, kwamba ngozi nimeitoa kwa fundi wa ngoma. Yule mwenye kofia akasema uongo mwingine huo, msimsikilize. Mzee akamwambia anyamaze, akaniruhusu nipige simu. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, na jirani yangu (Mungu ambariki, hakujua kuna watu mia wanasikiliza) akasema bila wasiwasi kwamba ngozi ile aliinunua kwa mchinjaji wa hapo hapo Mwakitolyo, yule mwenye bucha jirani na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Mchinjaji alikuwa miongoni mwa watazamaji, na aproni yake. Akasogea akijifuta mikono. Akamtazama mzee, akatazama chini, akasema taratibu, "Mzee, mimi sikuona ajabu. Aliletwa na mwanao. Nilijua wewe ndiye umemtuma."

"Mwanangu yupi?"

Mchinjaji hakutaja jina. Alimtazama tu yule jamaa wa kofia ngumu, ambaye bado alikuwa ameshika mkoba wangu.

Anaitwa Mabula. Alimuuza maksai wa baba yake akaitia pesa kwenye duara ambalo halikutoa hata chembe, akamwambia baba ng'ombe amepotea, akashiriki kumtafuta kwa miguu hadi Geita. Na ndiye aliyetaka mimi nifungwe kamba! Aliuweka mkoba wangu chini kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akajipenyeza kwenye watu na kutoweka. Hakuna aliyemfuata, hakuna aliyemwita mwizi. Lile neno walikuwa wamelimalizia kwangu.

Mnadhani kuna aliyeniomba radhi? Wale waliopiga kelele walinyamaza, basi, kimya chao ndicho kilichokuwa radhi. Mzee alitaka ngozi yake, haki yake, hakuna aliyebisha, na mwenye kuifumua ni nani kama si mimi. Wakageuza ndoo nikakaa, wakamlaza maksai mbele yangu, na hapo ndipo sote tulipokumbuka kwamba Masanja na Juma wamo ndani. Zipu ya tumbo ilikuwa imekwama, nikalazimika kuikata, na Juma akatoka kinyumenyume akiwa na kaptula ya ndani tu, ile yenye picha za mioyo, kwa sababu kule ndani kuna joto na mimi mwenyewe nilimshauri asivae kitu kizito. Kicheko kilichopigwa pale nadhani wachimbaji walio chini ya ardhi walikisikia. Hiyo ndiyo sehemu ya video inayopendwa zaidi. Juma hasemi nami hadi leo, kana kwamba mioyo nilimshonea mimi.

Nikafumua jua likiwaka. Nilikuwa nimeshona kwa uzi wa viatu, mishono ya karibu karibu, imara (nilijilaani kwa uimara huo), na watu waliosimama pembeni walinielekeza, kata hapa, vuta pale, wao ambao hata kifungo hawajawahi kupachika. Mzee Luhende akachuchumaa kando yangu. Alishika ngozi pande mbili akaikaza ili mkasi wangu upite vizuri, mshono baada ya mshono, mpaka watu wakachoka kutucheka wakaanza kuondoka. Nilisubiri aniambie pole. Nilikuwa naisubiri kweli, na hasira yangu nimeiweka tayari, nimkubalie au nimkatalie nilikuwa sijaamua.

Nilipokata uzi wa mwisho akaikunja ngozi vizuri, manyoya kwa ndani. Akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama. Kisha, bila ukali wowote, "Mabula aliniambia Jemedari amepotea. Nikabaki natafuta. Wewe ukaniambia hakuwahi kuwepo, ni piko tu. Nilisimama pale nikadhani macho yangu yamekufa."

Akaiweka ngozi begani akaondoka nayo.

Basi nina hasira na Mwalimu Remi na idara yake, nina hasira na wenye simu, na Mabula nikikutana naye sokoni nitamwambia mbele za watu. Lakini kwa mzee nimeitafuta hasira kila siku na sijaipata. Nilichofanya ni kuapa, na siku hizi mtu akisifia gauni langu akiniuliza kama ua lile nimelidarizi mwenyewe, namwambia hapana dada, limekuja na kitambaa, na huwa namwambia hata kabla hajamaliza kuuliza.