Mwaka Baba Alipouliza Habari za Barafu

Miaka ile ushirika ulikuwa umeshakufa, na pamba yetu ilinunuliwa na matajiri waliokuja na malori na mizani zao. Mvua nazo zikawa zinakatika katikati ya msimu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, nje kidogo ya Bariadi, kufundisha jiografia sekondari. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilisaidia kuinua ng'ombe walioshindwa kusimama kwa njaa. Baba alivuta mkia, mama na mimi tukasukuma ubavuni.

Siku moja tukiwa zizini, redio ikasema barafu ya kaskazini kabisa mwa dunia inayeyuka kwa joto, na mataifa makubwa yanaigombania bahari ya huko. Baba akaachia mkia.

"Mayo," aliniita hivyo tangu utotoni, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti zao, "hayo maji yanakwenda wapi?"

"Yanaishia baharini, baba."

"Hayawezi kufika huku?"

"Hayawezi. Na joto hilohilo ndilo linalovuruga mvua zetu."

Akafikiri kidogo. "Sasa hao wakubwa wanagombania nini? Nani aizuie isiyeyuke?"

Nikamweleza kwamba wanataka njia fupi ya meli, na mafuta yaliyo chini ya bahari.

"Kwa hiyo wanangoja iishe."

Mama alisema tumwinue ng'ombe, jua linapanda.

Haikupita wiki baba akasema anahamia Rukwa na mifugo iliyobaki, kama majirani walivyofanya. Mama alikataa kuondoka.

"Watoto wangu wawili wamezikwa hapa," alisema. "Nenda wewe."

Akaenda. Hakuvuka hata Maswa, wilaya ya jirani. Ng'ombe walilala njiani mmoja baada ya mwingine wasiinuke tena, na wa mwisho, maksai mweusi aliyemlea tangu ndama, alimchinja mwenyewe barabarani. Alirudi kwa miguu na kamba begani. Mama alimtengea maji ya kuoga. Yakakaa mpaka yakapoa.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha vizuri kuliko tulivyoizoea. Hatukuwa na maksai wa kuvuta plau. Mama na mimi tulianza kulima kipande cha mtama kwa jembe la mkono. Nikamwita baba aje atuonyeshe mpaka wa shamba. Alikuwa ameketi mlangoni.

"Limeni popote," alisema, na hakuinuka.