Kanda ya Ijumaa

Juzi nilirudi Kariakoo, baada ya Tunduma, Mwanza na kwingine nisikokumbuka vizuri. Unanijua, sikai mahali pamoja. Nyumba ya bibi imekuwa ghorofa la maduka, na pale ulipokuwa ukumbi wetu kijana mmoja anauza flashi zenye nyimbo. Nikamuuliza kama anao wimbo wa kwaya ya kiwanda cha nguo, ule wa kuisifu nchi na pamba yake. Akapunguza spika, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hapa kuna Bongo Fleva, singeli na injili. Huo hata mtandaoni haupo."

Mama yangu aliimba kwenye kwaya ile. Siku hizo redio ilipiga nyimbo za namna hiyo asubuhi, za kuhimiza kazi na kuipenda nchi, na bendi za dansi zikapata zamu yao baadaye. Mama alishika ubeti wa pili peke yake. Alifariki nikiwa na miaka miwili. Bibi akabaki na kanda moja ambayo fundi redio wa mtaani alimrekodia, kisha fundi akavunja vijino vya juu vya kanda ili mtu asije akarekodi kitu kingine.

Kila Ijumaa, baada ya wali na mbaazi za nazi, bibi aliiweka. Kazi yangu ilikuwa kuanika betri juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Ubeti wa pili ukifika, hata wapangaji walinyamaza, na mwiko wa mtu ukabaki hewani. Ukiisha, bibi aliniuliza, "Umemsikia, mke mwenzangu?" Nilijibu ndiyo. Kusema kweli nilikuwa nimezoea, nikisikiliza huku nawaza mambo yangu.

Nilipofika darasa la tano ukatoka wimbo mmoja wa dansi. Shule nzima iliuimba, na asiyejua maneno alichekwa. Redio iliupiga Jumamosi mchana, kwenye kipindi cha nyimbo zinazopendwa, na mimi sikuwa na kanda. Dawa ya vijino vilivyovunjwa kila mtoto wa mtaa wetu aliijua: unatafuna karatasi, unaziba vitobo. Kanda ya bibi ilikuwa na upande mmoja mtupu, na huo ndio niliokusudia. Mtangazaji alipoutaja wimbo, nikaichomeka kwa haraka, nikabonyeza, nikaiacha irekodi mpaka mwisho. Sikuigeuza.

Jumapili na siku zilizofuata niliwaimbia wenzangu kwa maringo. Ijumaa bibi akaiweka kanda yake. Likaanza gitaa.

Nilielewa papo hapo, nikanyoosha mkono nizime. Bibi akanishika.

"Usizime," akasema. "Huenda yuko mbele."

Tukasikiliza gitaa, tarumbeta, halafu salamu za wasikilizaji kwa shangazi zao wa Tanga na Morogoro, mpaka kanda ikaisha yenyewe. Hakunipiga. Hakunisema, wala siku ile wala baadaye. Ijumaa iliyofuata hakuniambia nianike betri, na hakuniambia tena mpaka alipokufa.

Nilipotoka kwa yule kijana wa flashi nilivuka kwa pantoni pale Magogoni kwenda Kigamboni, kwa jirani yetu wa zamani aliyekuwa kwaya moja na mama. Ndiye pekee aliyebaki. Kiwanda kilifungwa kitambo, wengine wamezikwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitania kwamba miguu yangu ina wadudu, haitulii. Nikamwomba ubeti wa pili. Aliuimba kwa sauti ya kukwaruza, mstari mmoja akausahau, akaujaza kwa mguno.

"Mama aliimba hivyo?" nikamuuliza.

"Nitamwigaje, mwanangu? Yule alikuwa na sauti."

Nikashukuru, nikaondoka. Ule wimbo wa dansi naujua wote mpaka leo, na salamu za Tanga nazikumbuka. Lakini tangu nirudi kutoka Kigamboni, kila nikijaribu kuzikumbuka Ijumaa zile, ubeti wa pili ukifika, anayeimba ni yule jirani.