Sita kwa Kadi, Minne kwa Tumbo

Mwezi wa nne wa mimba yangu ya kwanza niliamka siku moja nikataka doriani. Si kuonja. Nilitaka zima, nilipasue mwenyewe, nile mpaka mikono inuke. Kabla ya hapo harufu ya doriani ikipita nyumba ya tatu, mimi kwetu natapika. Nilitapika kwa chai, kwa samaki, kwa sabuni, kwa mume wangu. Mimba ilimchukia maskini: akiingia ndani natoka nje, akitoka nje narudi ndani. Alipokwenda dago, kuvua upande wa bara na kukaa kambini huko, nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Kwa hiyo msichana mwenye mimba changa akiniuliza miezi ya katikati ikoje, namwambia kweli: utakula. Utalala mchana bila haya. Nywele zitajaa. Mgongo utaanza kulalamika, lakini kwa adabu. Kanga haitafunga tena mahali pake, utaipandisha juu ya matiti. Vidonge vya damu vitakufunga choo na hakuna atakayekuonya. Na watu watakuuliza miezi mingapi. Hapo ndipo pana kazi.

Maana kwetu mimba haitajiwi miezi. Mwenye kijicho akijua mwezi wako wa kuzaa anakungojea nao, anatia neno, na neno linafika kabla ya mkunga. Ukiulizwa unasema, "Nipo tu, alhamdulillahi," unapita. Sikuona ubaya wake mpaka mama mkwe aliponipeleka kliniki mara ya kwanza.

Kituo chetu huku Wingwi kina chumba kimoja cha wajawazito. Mlango wake ni pazia, na nje ya pazia kuna benchi la wanawake waliokuja na masikio yao. Mimba ilikuwa na miezi miwili na nusu. Nesi akauliza siku ya mwisho kuona damu. Nikafungua mdomo, mama mkwe akafika kabla yangu.

"Wa nne huu umekwisha, mwanangu. Anaingia wa tano."

Alisema kwa sauti ya kulifikia benchi lote. Nesi akaandika, akaita mwingine. Nilisoma mpaka kidato cha nne, baiolojia nilipata B, na nilikaa kimya kama kuku aliyefungwa miguu, kwa sababu mama mkwe hakanushwi mbele za watu.

Njiani nikamwuliza. "Bi mkubwa, mbona umenizidishia miezi miwili?"

"Sikukuzidishia wewe, nimewazidishia wao. Waache wakungojee. Watangoja wachoke, jicho lenyewe lishikwe na usingizi, ndo wewe uzae."

"Na nesi je?"

"Kwani nesi si mtu?"

Nilicheka. Nikaona yamekwisha.

Wiki zilizofuata ndizo nilizonenepa. Muhogo wa nazi, shelisheli la kuchoma, embe mbichi kwa pilipili na chumvi. Pweza nilinyimwa, eti mtoto atazaliwa hana mifupa. Nikamwambia mama mkwe kwamba pweza mwenyewe hana mifupa na anaishi vizuri, akanifukuza jikoni. Nilikuwa na raha, sikatai. Hata mume nilianza kumtamani, na ndo hayupo.

Kitu kimoja tu: mtoto alikuwa hachezi. Wifi yangu mwenye watoto watatu alikuja kutoka Gando kututembelea, akaniangalia tumbo kama anayechagua tikiti.

"Yakhe, bado hajakupiga? Mimi wangu wote mwezi wa nne washanivunja mbavu."

"Labda wangu ana adabu."

"Kaitoa kwa baba yupi?"

Tukacheka wote. Alipoondoka nilikaa na mkono tumboni mpaka adhana ya alasiri.

Kliniki ya pili ilikuwa Alhamisi. Hesabu yangu ilikuwa miezi minne na nusu. Kadi ilisema sita na nusu. Nesi hakuwa yule wa mwanzo. Alisoma kadi, akanyoosha futi tumboni, akaisoma kadi tena. Akachukua ile pembe fupi ya kusikilizia moyo wa mtoto, akainama na sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Alipoisogeza mara ya nne mimi nilikuwa nimebana pumzi nisimzuie kusikia.

"Anacheza?"

"Bado."

"Hujamsikia hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu: minne na nusu. Lakini pazia ni pazia, na mama mkwe alikuwa kwenye benchi lile pamoja na majirani aliowadanganya. Na zaidi ya hayo, nilichokishika mimi si miezi, ni kwamba pembe haikusikia kitu. Nikajiuliza: na wa miezi minne na nusu si ana moyo? Nesi akasema tumbo ni dogo kuliko kadi, Jumatatu niende Wete nikapigwe picha. Akaniambia nisiogope. Asiye na la kuogopa haambiwi asiogope.

Tulipofika uani nikamwambia mama mkwe yote, na sikutumia sauti ya mkamwana.

"Wanatafuta mtoto wa miezi sita na nusu, hayupo. Sasa sijui kama hayupo kwa sababu ya uongo wako au kwa sababu amekufa. Na wao hawajui. Umewafunga macho watu wote, na daktari pamoja nao."

Nilitegemea anikemee. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakunja kanga magotini.

"Wangu wa kwanza nilimtaja," akasema. "Nilikuwa mdogo kama wewe. Nikaringa naye: wa saba huu, wa saba huu. Hakuuona wa nane."

Hilo hata mume wangu hakuwahi kuniambia. Nadhani halijui. Hasira yangu haikutoka, ilikosa pa kukaa tu. Nikaenda nikalala.

Ijumaa na Jumamosi nilitembea kama niliyebeba maji kwenye sahani. Nilikula kitu kitamu nikalala ubavu wa kushoto, nikangoja. Nilisoma Yasini. Nilimtukana mume kwenye simu kwa kuwa dago, akaniuliza amekosa nini, nikakata.

Jumapili asubuhi tulikuwa juu ya jamvi, mimi na mama mkwe, tunachambua karafuu. Unakamata kichala, unakibana kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo, vile vijiti vyake, unatupa kule. Mikono inafanya yenyewe, roho inapumzika. Nikahisi kitu chini ya kitovu, kama ukope unavyocheza bila wewe kuuchezesha. Nikafikiri ni tumbo la muhogo. Kikaja tena palepale, mara mbili, na mara ya pili kilinigusa kama mwenye haraka.

"Mama," nikasema. "Ameamka."

Mama mkwe hakuuliza nani. Alisogea na mkono wake mweusi kwa utomvu wa karafuu, akauweka. Kwa nje hakukuwa na cha kuhisi, mapema mno, lakini hakuutoa. Kanga ile ina doa mpaka leo.

Jumatatu Wete tulikwenda tu. Daktari wa picha alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akageuza kioo tuone. Kulikuwa na mgongo, kama ushanga uliotungwa, na katikati kitu kinapepesa, kinapepesa, hakichoki. Niliuma ncha ya mtandio.

"Wiki kumi na tisa," daktari akasema. "Yuko sawasawa na umri wake, bado mdogo wa kusikika kwa pembe. Kadi ndiyo iliyokosea."

"Wiki hizo umeambiwa na nani?" mama mkwe akauliza.

"Kipimo, bibi."

"Bila kuuliza mtu?"

"Bila kuuliza mtu."

Mama mkwe alikitazama kile kioo kama anavyomtazama mbea. Daktari akachukua kadi yangu, akapiga mstari juu ya hesabu ya zamani, akaandika ya kweli pembeni.

Nje tulimkuta mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, naye kaja na bintiye. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha macho yakamshuka mpaka tumboni kwangu.

"Mashaallah. Miezi mingapi sasa?"

Mama mkwe alifungua mdomo. Akaufunga.

"Ana mdomo wake," akasema. "Mwulize mwenyewe."

"Inakaribia mitano," nikamwambia.

Nilimwona anahesabu, hesabu inamgomea. Tukamuaga, tukaenda kutafuta urojo. Mama mkwe alikuwa anasoma kitu chini ya ulimi njia nzima, kunikinga na jicho la yule mwanamke, na mimi nilimwacha amalize.